Jina Kwenye Sanduku la Barua: Mwezi wa Kwanza wa Masomo Leipzig

Risiti zilikuwa kwenye bahasha moja, picha kwenye simu, na daftari limelowa pembeni kwa mvua. Vyote vimepangwa upya Tanga, baada ya kurudi, kwa ajili ya wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani muhula wa Oktoba. Bei ni za mwaka 2025. Saa humu ni za Kiswahili; zile za tiketi na ofisi zimeachwa kwa tarakimu kama zinavyosomeka kule, maana hapo ndipo watu wanapoachwa na treni.

Kabla ya kupanda ndege

Wengi wasio na ufadhili hupata viza baada ya kuweka fedha za kujikimu za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu inayoitwa Sperrkonto. Kiwango ni euro 11,904, na humfikia mwanafunzi kidogo kidogo, euro 992 kila mwezi. Tatizo ni kwamba fedha hizo hazitoki siku unayotua. Zinasubiri uwe na akaunti ya kawaida ya benki. Benki inataka anwani iliyosajiliwa, na anwani inataka karatasi ya mwenye nyumba. Mnyororo huo ulichukua siku 24. Kwa hiyo tembea na fedha za mwezi mzima mfukoni: kodi, amana ya chumba, bima, vyombo, koti na chakula. Euro 1,500 zilitosha, zikabaki 130 na ushee.

Kwenye begi la chini, nyama na maziwa na vyote vitokanavyo navyo haviingii Ulaya. Samli nayo ni maziwa, hata ikifungwa vipi na bibi. Embe na matunda mengi mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi na tende hazidai. Pilipili manga, iliki na unga mkavu hupita bila maneno.

Jumanne 30 Septemba: Frankfurt hadi Leipzig

Ndege ya usiku kutoka Dar es Salaam kupitia Addis Ababa inatua Frankfurt alfajiri. Dirishani pa pasipoti waliuliza barua ya chuo, uthibitisho wa fedha na bima ya safari. Aliyekuwa mbele kwenye foleni alikuwa amezifungia zote kwenye begi lililokuwa bado tumboni mwa ndege. Akawekwa pembeni. Karatasi hizo ziwe begani, zimechapishwa, maana simu inaweza kuzima.

Kituo cha treni za masafa kiko hapo hapo uwanjani. Tiketi ya bei nafuu, euro 44.90 ikiwa imekatwa wiki tatu kabla, ilikuwa imefungwa kwenye treni moja tu: ukiikosa kwa uzembe wako, imekufa. Lakini reli wenyewe wakichelewesha na ikatarajiwa utafika ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho kinafunguka na unaweza kupanda nyingine. Ubao ulianza na dakika 15, ukaenda 40, ukaishia 74. Kuchelewa kufika kwa saa nzima kunakupa haki ya kurudishiwa asilimia 25 ya nauli, saa mbili asilimia 50, na dai linapokelewa ndani ya miezi mitatu. Piga picha ya ubao na utunze tiketi. Euro 11 na senti zake zilirudi Novemba.

Jambo la pili: jukwaa limegawanywa kwa herufi, na tiketi ya kiti inataja namba ya behewa. Siku hiyo mabehewa yalikuja yamepangwa kinyume, la 29 likiwa mwisho badala ya mwanzo. Watu wote walianza kukimbia na mizigo. Mzee mmoja mwenye fimbo alinyooshea kidole mlango wa karibu, akasema kwa Kiingereza cha polepole: ingia kwanza, utatembea ndani. Hilo ndilo la kufanya kila mara.

Fulda, Eisenach, Erfurt. Usingizi ulikula nusu ya njia.

Stesheni kuu ya Leipzig ni ya mwaka 1915, kubwa kupita kiasi kwa mji wa ukubwa ule, na treni za masafa karibu zote zinaingia kichwa kwanza na kugeuza. Ilikuwa saa 12 jioni. Msimamizi wa bweni anafunga mapema, na mkataba wa chumba ulianza tarehe 1, si 30. Kitanda cha hosteli karibu na stesheni, euro 32 na chai.

Mtego mwingine wa tarehe hiyo ni huu: vyuo vingi vinaingiza ndani ya ada ya muhula tiketi ya mabasi, tramu na treni ndogo za nchi nzima. Kwa muhula huo ilikuwa euro 208.80 kwa miezi sita, sawa na 34.80 kwa mwezi. Inaanza 1 Oktoba. Aliyepanda tramu tarehe 30 akidhani tayari analindwa na chuo, faini ni euro 60. Treni za masafa, ICE na IC, kwa kawaida hazimo.

Jumatano 1 Oktoba: funguo

Bweni liko Straße des 18. Oktober, barabara iliyopewa tarehe ya vita vya mwaka 1813 dhidi ya Napoleon. Mnara wa vita hivyo, mita 91, uko mbele kidogo. Aliyelelewa Unguja hatashangaa kitu. Ni Kikwajuni na Michenzani hizi, maghorofa marefu ya vipande vya zege, na undugu wao ni wa kweli, kwani Ujerumani Mashariki ndiyo iliyosaidia kuchora na kujenga mitaa ile Zanzibar baada ya Mapinduzi.

Chumba hukabidhiwa kwa fomu inayoorodhesha kila kasoro. Usisaini haraka. Jaribu taa, bomba, bawaba za dirisha, kila jicho la jiko. Doa ambalo halikuandikwa siku ya kuingia litakatwa kwenye amana yako siku ya kutoka. Chumba kilikuwa na kitanda, godoro, meza na kabati. Hakuna mto, shuka, sufuria wala sahani. Kodi euro 290 kwa mwezi, ndani yake maji, umeme, joto na intaneti, jiko na bafu vya kuchangia watu watatu.

Hapo msimamizi alitoa vitu viwili ambavyo ukivipoteza mwezi wote unaharibika. Cha kwanza ni karatasi ya nusu ukurasa yenye sahihi na muhuri, Wohnungsgeberbestätigung, inayothibitisha kwamba kweli umehamia pale. Mkataba wa pango hauwezi kushika nafasi yake. Cha pili ni ufunguo mdogo wa sanduku la barua.

Sisi tumezoea S.L.P.: barua inakwenda kwa namba ya shule au parokia, na wewe unaulizia. Kule postamani anafika mlangoni na kusoma majina. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, hata kama namba ya nyumba na ya chumba ni sahihi. Namba ya siri ya benki, kadi ya bima, namba ya kodi, vyote vinakuja kwa karatasi. Andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa kalamu isiyofutika, sandukuni na kwenye kengele. Kibandiko cha siku hiyo kiliandikwa jina la kwanza tu, kwa haraka. Gharama yake ilikuja tarehe 17.

Alhamisi 2 na Ijumaa 3 Oktoba: njaa ya sikukuu

Alhamisi iliishia kutafuta miadi ya kusajili anwani. Sheria inasema wiki mbili tangu kuhamia. Miadi iliyokuwa wazi mtandaoni ilikuwa ya mwezi unaofuata. Nafasi zilizoachwa na wengine hurudishwa asubuhi mapema. Fungua ukurasa kabla ya saa mbili, angalia matawi yote ya mji, si lile la karibu tu. Ikapatikana ya tarehe 9. Ukikosa kabisa, chapisha uthibitisho wa miadi ya mbali. Unaonyesha kwamba hukukaa kimya.

Tarehe 3 ni siku ya muungano wa Ujerumani. Maduka karibu yote yamefungwa, kama yanavyofungwa kila Jumapili. Friji lilikuwa na mwanga tu. Mwenzetu wa chumba cha pili, kijana wa Kigeorgia, aliweka sahani ya maharage mezani bila kuuliza, kisha akaeleza kwamba baadhi ya maduka ya chakula ndani ya stesheni kuu hufunguliwa hata siku kama hizo, maana ni ya wasafiri.

Jumamosi 4 Oktoba: unga

Eisenbahnstraße, mashariki mwa stesheni, ndiyo Kariakoo ya Leipzig. Bamia, mihogo, ndizi za kupika, mchele wa magunia, nyama halali. Kwenye unga wa mahindi kuna njia tatu za kupotea. Ule wa njano wa chenga ni wa polenta, unatoa uji mzito wenye mchanga. Ule mweupe wa Wavenezuela, wa kutengenezea mkate wa arepa, umeshapikwa kiwandani kabla ya kusagwa. Ukiutia kwenye maji yanayochemka unavimba papo hapo na kuwa gundi. Wa tatu, unga wa mahindi ulioandikwa Maisstärke, ni wanga mtupu wa kukolezea mchuzi. Unaotakiwa ni mweupe, mbichi, laini, na hupatikana kwenye maduka ya Waafrika kwa jina la chakula cha Afrika Magharibi au Kusini. Kilo mbili zilikuwa karibu euro 5.

Jiko la umeme la kioo halishushi moto ukizungusha kitufe. Linapoa taratibu kama mawe ya figa. Punguza dakika tatu kabla ya kuanza kusonga, na zima kabisa kabla hujamaliza. Ugali wa kwanza uliungua chini ilhali juu haujaiva. Sufuria iwe nzito. Zile nyepesi za euro 6 zinacheza kwenye kioo na mwiko unazizungusha kama tiara.

Chupa za soda na maji zina amana: senti 25 kwa za kutumika mara moja, 15 kwa nyingi za kujazwa tena, 8 kwa za bia za kioo. Usizitupe wala kuzikunja. Mashine mlangoni mwa duka inazisoma na kutoa stakabadhi unayoibadilisha kwa fedha kaunta.

Koti lilipatikana duka la mitumba la hisani, euro 18, zito, zipu nzima. Wauzaji wa soko la Karume, Dar es Salaam, wanaijua vizuri nguo ya aina hii, ila wao wanaipata ikiwa imesafiri kontena nzima. Nunua Oktoba mwanzoni. Baridi ikishaanza, saizi za katikati zinakwisha.

Jumatatu 6 hadi Jumatano 8 Oktoba: bima na chuo

Bila bima ya afya chuo hakikusajili. Aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, karibu euro 145 kwa mwezi. Si lazima ubebe karatasi: kampuni ya bima hupeleka taarifa chuoni kwa mtandao, na inachukua siku moja au mbili. Waambie wazi unataka taarifa ya kuanza masomo. Kosa la kawaida ni kununua bima binafsi ya bei rahisi kwa kuona euro 35. Ukishaomba kuondolewa kwenye bima ya umma, huwezi kurudi kwa muda wote wa masomo hayo.

Kadi ya mwanafunzi ilitoka Jumatano. Siku hiyo hiyo chakula cha mchana kwenye bwalo la Mensa am Park kikashuka hadi bei ya mwanafunzi, euro 3.10 kwa dengu, viazi na saladi. Kituo cha tramu kilikuwa kimejaa watoto na mabegi, na katika maneno yao yote moja lilisikika safi: Schule. Neno letu limetoka huko, kama hela ilivyotoka kwenye Heller, sarafu waliyoileta Afrika Mashariki mwaka 1904. Hela zimebaki kwetu. Kwao hakuna tena azitumiaye.

Alhamisi 9 Oktoba: anwani

Pasipoti, fomu, nusu ukurasa wa msimamizi. Dakika 12, bure. Fomu inauliza dini, na si udadisi: ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, siku utakapoanza kulipa kodi ya mapato, asilimia 9 ya kodi hiyo huongezwa kwa ajili ya kanisa katika jimbo la Sachsen. Kila mtu na dhamiri yake, ila jua unachosaini. Majina matatu ya kwetu yanawasumbua. Hakikisha lipi limeingia kama la ukoo kabla hujaondoka dirishani, maana benki, bima na kadi ya ukaazi zitalinakili kosa hilo hilo. Afisa wa kaunta alipoona kusitasita, aligeuza skrini yake ionekane na kusoma kila herufi kwa sauti.

Mchana akaunti ya benki ikaombwa, kwa pasipoti, cheti cha anwani na kadi ya chuo.

Jumatatu 13 Oktoba: dakika 15 za kitaaluma

Ratiba ikisema 9 c.t., mhadhara unaanza 9:15. Ikisema s.t., ni 9:00 kamili. Penye kimya, uliza. Na Mjerumani akikupa miadi ya halb acht anamaanisha 7:30, nusu ya kuelekea nane. Aliyezoea Kiingereza cha shule hufika 8:30 na kukuta kikao kimekwisha.

Siku zilizobaki za wiki hiyo zilikuwa za kusajili masomo na kutafuta vyumba vya mihadhara. Hakuna cha kusimulia.

Ijumaa 17 Oktoba: barua iliyorudi

Kadi ya benki ilifika tarehe 15 kwa sababu postamani wa siku hiyo alibahatisha. Namba yake ya siri, inayotumwa peke yake kwa usalama, haikufika. Simu ya benki ikajibu: imerudi, mpokeaji hajulikani. Jina la kwanza kwenye sanduku, la ukoo kwenye bahasha. Kibandiko kipya kikaandikwa siku hiyo. Namba mpya ya siri, siku saba za kazi.

Namba ya akaunti, IBAN, yenye herufi na tarakimu 22, haikuhitaji kadi, na hiyo ndiyo iliyotumwa kwa wenye Sperrkonto pamoja na cheti cha anwani. Usisubiri kadi ndipo utume.

Kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika, ombi la kibali cha ukaazi likajazwa jioni. Viza ya kuingilia ni ya miezi michache tu. Omba kabla haijaisha, kwani miadi ni ya kungoja na kadi yenyewe hutengenezwa kwa wiki kadhaa. Ada ni euro 100. Tangu Mei 2025 picha za karatasi hazipokelewi. Inapigwa ofisini kwa euro 6 au kwa mpiga picha aliyeidhinishwa anayeituma kwa mtandao. Zile pasipoti saizi sita zilizopigwa Tanga zimebaki kuwa zawadi.

Wiki ya 20 Oktoba: ukungu

Doa jeusi pembeni mwa dirisha. Mkosaji ni mvuke wa kupika na nguo zinazokaushwa ndani, huku dirisha limeachwa wazi kidogo tu siku nzima. Dawa yake: fungua dirisha lote dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, joto likiwa limezimwa, kisha funga. Kitufe cha joto kina namba 1 hadi 5; namba 3 ni kama nyuzi 20. Kuweka 5 hakupashi chumba haraka zaidi, kunakipeleka mbali zaidi tu.

Ijumaa 24, euro 992 zikaingia. Mfukoni zilikuwa 131.

Jumapili 26 Oktoba: saa inarudi nyuma

Saa tisa za usiku, 3:00 kwa tarakimu zao, saa inarudishwa hadi 2:00. Tofauti na nyumbani inatoka saa moja hadi mbili. Waliozoea kupigiwa simu baada ya Isha wataikuta imelia mapema. Hapo ndipo saa ya Kiswahili inapoishiwa nguvu. Saa kumi na moja jioni jua limeshazama, na mchana wenyewe unapungua kila siku.

Ijumaa 31 Oktoba: sikukuu tena

Siku ya Matengenezo ya Kanisa, sikukuu Sachsen, maduka kimya. Safari hii friji lilikuwa limejaa tangu jana yake. Sandukuni tayari kulikuwa na bahasha tatu za Alhamisi. Namba ya siri. Namba ya kodi, tarakimu 11, ya kumpa mwajiri ukipata kibarua. Sheria inaruhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Na ya tatu, ya kwanza kabisa kuandika majina yote matatu bila kukosea herufi, ilitoka kwa wakusanya ada ya redio na televisheni: euro 18.36 kwa mwezi, iwe una televisheni au huna.

Usiitupe, maana deni linahesabiwa tangu siku ya kuhamia. Lakini ada ni ya nyumba, si ya mtu. Yule Mgeorgia alikuwa analipa tayari. Ukawatumia namba yake ya malipo kwa fomu ya mtandao, ukampa yeye euro 6.12 kila mwezi, na mwenzetu wa tatu vivyo hivyo. Alizipokea, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, chini ya jina la ukoo.